Maji ya Miwa ya Krismasi

Jumanne, 11 Desemba 1956

Chai. Vidonge vya dresa wa zahanati, viwili vyeupe na kimoja chekundu. Kisha nikatolewa kibarazani pamoja na kiti changu, kama kuku na kizimba chake. Joto kali. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kurasa hizi. Treni ya Mombasa imechelewa tena.

Wakesho anasafisha nyumba kwa ajili ya Krismasi. Binti yangu akishika ufagio, hata mgonjwa huinua miguu. Leo amevuta kila kitu kilichokuwa chini ya kitanda changu. Nimemwambia aliache sanduku la bati. Amesema, "Baba, humo mna mende wa kutosha kuanzisha kanisa lao." Moyo wangu umechoka. Ndivyo asemavyo dresa, kana kwamba moyo ni punda. Hakusema umebakiza muda gani, na mimi sikumuuliza. Najua.

Mchungaji Danieli amepita. Nilimfundisha kusoma huko kwetu, milimani Taita; alikuwa akikosea hesabu analia. Sasa ana miwani na kanisa zima. Ameleta habari. Siku ya Krismasi Mwakio atarudishwa kwenye meza ya Bwana. Miaka thelathini na miwili ametengwa, anakaa benchi la nyuma, wenzake wakienda mbele yeye anatazama viatu vyake. Mchungaji anasema kanisa haliwezi kumfungia mtu mlango mpaka kaburini kwa kosa la ujana.

"Nilijua utafurahi, Mwalimu. Ni rafiki yako."

Nimefurahi. Nimeogopa pia. Kwa nini, nitaandika siku nyingine, nikipewa siku.

Alhamisi, 13 Desemba

Mwakio amerudi kutoka Wundanyi juu ya lori la mboga, ameukalia mzigo wa miwa kama chifu. Miwa ni zawadi yake kwa kanisa. Kamwambia dereva asimame mbele ya nyumba yetu, ili tu anitukane.

"Elkana! Bado hujafa? Nimewaambia watu huko juu matanga yako ni Januari. Wameshaanza kunenepesha mbuzi."

Nikamwambia mbuzi wamwachie yeye, ndiye mkubwa kwangu kwa mwaka mmoja. Akacheka mpaka miwa ikatikisika chini yake. Husema kwa kelele siku hizi. Treni zilimharibu masikio. Alifanya kazi ya kugeuza njia za reli hapa Voi kwa miaka mingi, na mkono wake wa kulia haujanyooka tangu alipouacha ule wenzo wa kugeuzia njia.

Ameniachia miwa miwili. Sina meno ya kuitafuna. Nimeishika tu mapajani, nimeinusa. Inanuka bonde letu.

Ijumaa, 14 Desemba

Miwa inakamuliwa uani kwa kanisa. Nasikia mchi tangu saa tisa. Kesho kwaya ya kijiji cha Mraru inakuja kuimba na yetu, nao watapewa maji ya miwa. Maji matamu yameruhusiwa na kanisa. Yakichacha yanakuwa mbangara, na mbangara ni dhambi. Kati ya ruhusa na dhambi kuna siku mbili tatu tu, kwa joto hili la Voi.

Huko kwetu, siku kama hizi, ukungu ulikuwa unashuka mpaka mlangoni. Mama alikuwa akikamua miwa huku amejifunika blanketi, na mimi nikikinga mkono chini ya kinu. Aliupiga mkono wangu kila mara. Kila mara nilikuwa nimeshalamba. Sijanywa kitu kitamu kama kile tena, na nimekunywa chai kwa wazungu.

Jumamosi, 15 Desemba

Nimecheka leo mpaka Wakesho akatishika na kuniletea maji.

Kwaya imelewa. Si vijana. Wakubwa! Mchungaji alikwenda kuzika Bura, akarudi saa kumi na kukuta hivi. Nyambu, karani wa baraza la wazee, mtu ambaye hajatabasamu tangu vita vya kwanza, alikuwa amelala amekumbatia ngoma. Wageni wa Mraru walikuwa wakiimba ubeti wa pili kwa mara ya nne. Walikataa kwenda wa tatu, eti huo wa pili ndio mtamu. Mama Righa, anayeongoza sauti za kina mama, alikuwa amefunga leso kiunoni na kucheza ngoma ya milimani ambayo haijaonekana tangu harusi yake. Mchungaji alipoingia, mama huyo alikuwa anamwambia Nyambu aliye usingizini, "Na sauti yako ile, baba, ni ya ng'ombe aliyeanguka mtaroni. Nimevumilia miaka kumi."

Wakesho amenisimulia huku amejifunika uso kwa leso. Yeye hakunywa, alikuwa akigawa mahamri.

Mtu amelewesha kanisa siku kumi kabla ya Krismasi. Nitamjua. Nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano. Hakuna aliyewahi kunificha aliyeiba chaki.

Jumapili, 16 Desemba

Sikwenda kanisani, miguu imekataa. Lakini habari zimekuja zenyewe kibarazani.

Mchungaji amehubiri juu ya kiasi. Wanasema midomo yake ilikuwa ikicheza kama mtu anayezuia kicheko. Nyambu aliomba kengele isigongwe.

Baada ya ibada Nyambu akaanza upelelezi. Alivuka njia mpaka dukani kwa Bwana Salim kumuuliza kama ameuza kitu chochote chenye hamira kwa watu wa kwaya. Bwana Salim alikuja kwangu moja kwa moja, kofia mkononi.

"Mwalimu, miaka yangu hamsini na sita, hata harufu ya pombe siijui. Leo naulizwa mimi nimewalevya Wakristo! Nimemwambia, sheikh wangu, mimi nimeuza sukari na biskuti. Kama biskuti zalevya, basi nirejesheeni zote."

Tumecheka sana. Nikamwondoa Bwana Salim kwenye orodha yangu.

Kisha Nyambu akageukia watu wa Mraru. Hao walisema kama wangekuwa na kitu kama kile wangekinywa kwao.

Mwisho akalitaja jina la Mwakio. Yeye ndiye aliyeleta miwa. Yeye ndiye aliyesimamia kukamua. Na yeye, Nyambu amesema mbele ya watu wote, "ameshawahi."

Neno hilo limenikaa kifuani mchana kutwa. Sicheki tena.

Jumatatu, 17 Desemba

Nimefanya kazi ya akili tangu asubuhi. Nimewaita watu mmoja mmoja kibarazani. Wamekuja wote. Wananiheshimu. Wengine niliwachapa.

Haya ndiyo niliyoyapata. Maji yalikamuliwa Ijumaa jioni. Yakatiwa kwenye madebe matatu, na kilichobaki kikatiwa kwenye kibuyu kimoja kikubwa. Vyote vililala jikoni kwa kanisa, karibu na meko. Jumamosi watoto na vijana walikunywa ya madebe. Hakuna aliyelewa. Wageni na viongozi walikunywa ya kibuyu, kwa sababu kwetu mgeni wa heshima hapewi kinywaji cha debe. Wote walioheshimiwa walilewa.

Basi maji hayana kosa. Mwakio hana kosa. Yale yale aliyoyakamua yeye watoto waliyanywa wakaenda kucheza mpira. Kosa ni la kibuyu. Kibuyu kilichokwisha kuchachusha pombe huwa kinaendelea kuchachusha chochote, hasa kama vipande vya tunda la mwegea, chachu yetu ya zamani, vimeachwa ndani.

Nimefurahi jinsi nilivyofurahi zamani hesabu ikitoka sawa. Nikauliza, kibuyu chenyewe kiko wapi? Hakionekani. Kimetoweka Jumamosi ile ile. Kilikuwa cha nani? Hakuna ajuaye.

Saa sita Wakesho akaniletea chakula. Nikamuuliza na yeye, kwa mzaha tu.

"Kile? Si ni cha bibi, Baba. Nilikiona sandukuni mwako. Vyombo vilikuwa haba, nikasema wageni wanywee kwa kitu kizuri. Nilikisuuza juu juu, shingo yake ni nyembamba. Kuna kitu kilikuwa kinagonga ndani, nikadhani ni mbegu. Umekasirika?"

Nimemwambia sijakasirika. Nimemwomba aniache nipumzike.

Aliyelewesha kwaya ni mimi.

Jumanne, 18 Desemba

Treni mbili zimepita. Sikula.

Jumatano, 19 Desemba

Sasa niandike. Nikifa kabla ya kulisema kwa mdomo, angalau litakuwa limeandikwa mahali.

Mwaka 1924. Mwakio na mimi tulikuwa walimu wa shule moja juu ya Wundanyi. Tulikua pamoja, tulibatizwa siku moja, tulilala kitanda kimoja chuoni. Mwaka ule yeye akafanywa mwalimu mkuu. Mimi nilikuwa na alama nzuri kumshinda. Nilikasirika. Mwezi mzima sikumsalimu. Nilikuwa nikipita mlangoni kwake nikitazama upande wa migomba.

Kisha Wakesho akaugua. Alikuwa na miaka minne. Homa, siku ya tano hajala. Dawa ya misheni ikashindwa. Mama yangu akaniambia wazi: katika nyumba hii kuna mtu mwenye hasira, nami namjua. Kwetu Taita hasira iliyofungiwa moyoni huwaumiza wadogo wa nyumba. Mwenye hasira lazima atase. Anachukua funda la pombe, analitema kama mvua, huku akiitoa hasira kwa maneno mpaka iishe. Kanisa lilikataza. Mwalimu akipatikana ametasa, alitengwa na kufukuzwa kazi.

Nilikwenda kwa Mwakio mwenyewe. Nikamwambia, nina hasira nawe na mwanangu anakufa. Hakucheka. Hakuuliza hasira ya nini. Alfajiri alikuja, akaketi upande wa kichwa cha mtoto. Mama alikuwa ameandaa kibuyu. Nikanywa, nikatema, nikasema yote, cheo chake, alama zangu, kila kitu. Nilimlowesha shati. Aliitikia kila neno kama mtu anayeitikia sala.

Kukapambazuka. Mimi nilikuwa na zamu ya kengele ya shule. Mwakio akasema nikimbie, yeye atakirudisha kibuyu kwa mama. Njiani akakutana na mzungu wa misheni. Shati limelowa, linanuka pombe. Kibuyu mkononi.

Kabla ya adhuhuri Wakesho aliomba ndizi.

Mbele ya baraza la wazee Mwakio aliulizwa kibuyu ni cha nani na alikuwa akifanya nini. Alinitazama mara moja. Mimi nikatazama dirisha. Nje kulikuwa na ukungu tu, hakukuwa na kitu cha kutazama. Akasema, "Sina la kuungama." Basi. Wakauliza wanaokubali atengwe wainue mikono.

Niliinua mkono.

Baada ya mwezi nikawa mwalimu mkuu. Yeye akashuka Voi kufanya kazi ya reli. Kila mchungaji aliyekuja alimtaka aungame ili arudishwe. Mwakio alimjibu kila mmoja maneno yale yale. Hakuweza kutubu kosa ambalo si lake, na hakutaka kusema ni la nani.

Kibuyu kilitupwa migombani nyuma ya kanisa. Jioni nilikwenda nikakiokota. Sikuweza kukiacha kioze. Na nitasema na hili: kila Desemba, miaka yote hiyo, mimi mzee wa kanisa, nilichachusha kidogo ndani yake, nikaenda nyuma ya nyumba kutasa peke yangu. Haikusaidia kitu. Mimi sikuwa na hasira tena. Mwenye haki ya kukasirika alikuwa Mwakio, na mtu hawezi kuitema hasira ya mwenzake. Mwaka jana nilitasa mara ya mwisho, kisha magoti yakashindwa na baridi ya milimani na Wakesho akaja kunichukua. Nilikuja nacho sandukuni.

Wakesho hajui lolote. Nilimwambia alipona kwa maombi.

Ijumaa, 21 Desemba

Baraza limekaa asubuhi. Limeamua Mwakio hatarudishwa mezani Krismasi mpaka aungame kwamba alichachusha maji ya miwa. Mchungaji alipinga, akashindwa kwa kura. Wakamwita Mwakio. Amesema hana la kuungama.

Maneno yale yale.

Saa nane amekuja kwangu. Amebeba gunia la reli. Akatazama kama Wakesho yuko karibu, kisha akalifungua. Kibuyu.

"Nilikitambua kwa ushanga wa mama yako shingoni. Wao wanacheza, mimi nikakiondoa. Elkana, mwalimu mzima unaficha kitu miaka thelathini na miwili, halafu unakiweka chini ya kitanda katika nyumba ya mwanamke anayefagia!"

Alicheka. Mimi nililia. Sijalia mbele ya mtu tangu nimzike mke wangu.

Nilimuuliza kwa nini hakunitaja siku ile. Akasema mtoto alikuwa ameshaomba ndizi, na ndizi zinanunuliwa na mtu mwenye kazi. Yeye hakuwa na mtoto wakati ule. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia hii badala ya ile.

Nikamuuliza kama ana hasira.

"Nilikuwa nayo. Nyingi. Pale relini nikingoja treni ya Taveta nilikuwa napiga funda la chai baridi, naitema kwenye mataruma ya reli, namtaja Elkana na baba yake. Ile treni ilikuwa inachelewa sana. Nikapata nafasi ya kumaliza."

Ameniambia niache mambo yalivyo. Benchi la nyuma liko karibu na mlango, kuna upepo, na mahubiri hayafiki vizuri. Akaenda zake.

Yeye amemaliza. Mimi sijaanza. Hata dresa angeniambia kwamba nafasi ya kungoja sina tena.

Jumapili, 23 Desemba

Nimesema.

Nilimwambia Wakesho lazima nifike kanisani leo, hata kwa kubebwa. Bwana Salim akaleta mkokoteni wa duka, ametandika gunia jipya. Alinisukuma mwenyewe mpaka langoni. "Nimesukuma magunia ya mchele mazito kukushinda, Mwalimu, na hayakuwa na adabu kama zako." Watu wote wakasimama njiani kutazama. Mzee wa kanisa anapelekwa ibadani kama viazi.

Baada ya matangazo nikaomba nafasi. Danieli upande mmoja, Wakesho upande wa pili, nikasimama. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nikasema kwanza habari ya kibuyu cha Jumamosi. Mama Righa akapaza sauti kutoka kwenye kwaya, "Kumbe ni Mwalimu aliyenichezesha!" Kanisa zima likacheka. Hata Nyambu aliangalia chini na mabega yake yakatikisika. Ningeweza kuketi hapo. Wangenisamehe hapo hapo, wangenipenda zaidi. Nilikaribia sana kuketi.

Nikaendelea. Nikasema mwaka 1924. Nikasema kibuyu kilikuwa changu siku ile pia. Nikasema nani alitasa, kwa nani, kwa ajili ya nani. Nikasema niliinua mkono. Niliuinua tena waone ni mkono upi.

Hakuna aliyecheka. Danieli alivua miwani akaishika tu. Mwakio, huko nyuma, alipiga kelele, akidhani ananong'ona: "Mzee huyu hana akili!"

Wakesho aliuachia mkono wangu. Baadaye akaushika tena, lakini aliuachia.

Jumatatu, 24 Desemba

Baraza limekaa haraka kwa sababu ya sikukuu. Mwakio amerudishwa, na baraza limemwomba radhi kwa maandishi. Mimi nimetengwa na meza ya Bwana mpaka Pasaka. Ni haki. Ni kidogo. Nyambu alikuja kunisomea hukumu, akaisoma kwa sauti ya chini sana. Alipomaliza akasimama pale anazungusha kofia. "Mwalimu, ule mwegea... watu wa zamani walikuwa wanautia ukiwa mbichi au mkavu?" Nikamwambia mkavu. Akashukuru, akaenda.

Wakesho hajasema nami tangu jana. Amepika, amefua, amepiga pasi nguo zangu za kesho, kimya. Saa tisa akaja akaketi kwenye ngazi ya kibaraza, mgongo kwangu.

"Uliniambia nilipona kwa maombi."

"Yalikuwa maombi pia."

"Alikaa wapi?"

"Upande wa kichwa chako. Mpaka asubuhi."

Aliingia jikoni. Alikuwa anachoma mahamri ya Krismasi, na tangu afe mama yake sahani ya kwanza huwa yangu. Leo aliifunika kwa kitambaa cheupe, akavaa viatu vya kanisani, akaipeleka kwa Mwakio. Nilimtazama mpaka akapinda kona ya stesheni. Sijawahi kuona mtu akibeba sahani namna ile, kwa mikono miwili, kama ina maji.

Mimi nimepata ya pili. Yalikuwa mazuri.

Jumanne, 25 Desemba. Krismasi

Mkokoteni tena. Bwana Salim amefunga utepe mwekundu kwenye magurudumu, anasema ni kwa heshima ya siku yenu.

Nimeketi benchi la nyuma. Ni kweli kuna upepo. Kutoka pale unaona visogo vya watu wote niliowafundisha, na kichwa kimoja tu sikukifundisha, cheupe kama pamba, benchi la kwanza. Mwakio alikuwa amevaa koti lake la reli, vifungo vimesuguliwa. Wakesho alikuwa kando yake.

Kwaya imeimba beti zote kwa mpangilio. Mraru walikuwapo. Niliwaza Krismasi za milimani, tulivyokuwa tunashuka na mienge ya nyasi, ukungu umetuloweka, Mwakio akiimba sauti ya pili na mimi ya tatu, na hakuna aliyekuwa amemkosea mwenzake bado. Nilifunga macho nikaisikia. Ilikuwa karibu sana.

Danieli akawaita watu mezani. Alimwita Mwakio kwa jina, wa kwanza. Mwakio akasimama. Nikashukuru. Hiki ndicho nilichokitaka, nikione, kisha nife nikipenda.

Akageuka. Akaja nyuma, polepole, anashika ncha za mabenchi, kanisa zima linamtazama. Akafika kwangu.

"Sogea."

Nikamwambia aende mbele, wanamngoja.

"Nitakwenda Pasaka, pamoja nawe. Tulibatizwa siku moja. Sogea, nimesema."

Alidhani ananong'ona. Walimsikia mpaka dukani kwa Salim.

Nilikasirika. Kweli nilikasirika, baada ya yote yale. Nikamwambia Pasaka nitakuwa nimekufa, anajua vizuri.

"Basi utakuwa umenizuia mara ya pili. Jaribu tu, Elkana. Jaribu uone."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha Danieli mwenyewe, mkate mkononi. Nikasogea. Aliketi akapumua kama injini iliyofika mwisho wa safari. Bega lake limekonda. Langu pia. Tuliwatazama wengine wakienda mbele, Wakesho akiwa kati yao, na hatukutazama viatu vyetu.

Alhamisi, 27 Desemba

Mji umenyamaza. Watu wamepanda milimani kwa jamaa zao. Mvua kidogo asubuhi, vumbi limelala.

Dresa amekuja kunipima. Nilimuuliza mtu afanye nini kama anataka kufika mwezi wa nne, Pasaka. Alinitazama. Tangu nije Voi sijawahi kumuuliza swali. Akasema nipunguze chumvi, nisibishane na watu, na nitembee kidogo kila siku.

Hilo la pili nimemwambia haliwezekani.

Leo nimetembea kutoka kibarazani mpaka langoni. Hatua kumi na tisa, Wakesho nyuma yangu na kiti. Kesho nitajaribu mpaka dukani kwa Bwana Salim.